Jumamosi Mama Alipoungama

Juzi niliingia duka moja hapa Njiru, pembeni mwa Nairobi, kununua sabuni, nikamkuta mwenye duka amepiga magoti anapaka sakafu yake polishi nyekundu. Harufu ile ilinishika pua nikasahau nilichokuwa nimefuata. Ninyi mliokulia nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji, mnaijua vizuri. Hizi nyumba tunazohamia siku hizi zina vigae, unapitisha kitambaa chenye maji na kazi imekwisha. Sisi tulisugua kwa kipande cha blanketi kuukuu mpaka mabega yakaomba msamaha. Lakini mimi harufu hiyo hainirudishi chumbani kwetu mtaa wa Mbotela, ingawa hata kwetu ilikuwepo. Hunirudisha kanisani, kwenye mabenchi ya nyuma upande wa kushoto, nikiwa nimekaa kwenye mapaja ya mama ilhali nilikuwa mkubwa wa kutosha kukaa peke yangu.

Mama alikuwa na mtindo wake. Wakati wa Komunyo ukifika, watu wa benchi letu wakisimama kwenda kupokea, yeye alinivuta upesi nikae mapajani, akaanza kunifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, au kunipangusa pua ambayo haikuwa na kitu. Watu walijipenyeza mbele yetu wakitukanyaga vidole na kunong'ona pole. Wakirudi, mikono imekunjwa na macho yameinama, mama bado alikuwa na kazi na mimi. Mtu asiyetujua angesema huyu mama angependa kupokea, ila amezuiwa na mtoto msumbufu. Nilipokuwa mdogo niliipenda saa hiyo kuliko misa nzima, kwa sababu mama hakuwa na muda wa kunipakata siku nyingine. Nilipofika darasa la tatu magoti yangu yalikuwa yakigonga benchi la mbele, na bado alinivuta.

Tulikuwa wawili tu. Mama alipika uji na mandazi akawauzia vibarua waliokatiza mtaani alfajiri kwenda viwandani, na kufikia saa nne alikuwa amechoka uchovu wa siku nzima ya mtu mwingine. Baba sikuwa na habari naye. Alikuwa amebaki kule kwetu magharibi, au alikuwa ameondoka kule, ilitegemea mama ameamkaje. Nilichojua ni kwamba hakuwahi kuwa mume wa mama, na jambo hilo halikuwa limeninyima usingizi hata siku moja. Watoto wengi wa mstari wetu wa nyumba walikuwa na baba, na nyingi za kelele za mstari wetu wa nyumba zilitoka kwa baba hao.

Ukuta kwa ukuta na sisi alikaa Mama Wambui, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, wa sauti na wa moyo, aliyetugawia maharagwe yake na maoni yake bila kupima. Binti yake Wambui alikuwa rika langu na rafiki yangu wa lazima, maana tulitumia mfereji mmoja, uwanja mmoja na kamba yangu moja ya kuruka. Mwaka huo sisi wawili tuliandikishwa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na kabla ya Komunyo, kama mjuavyo, ni lazima mtoto aungame kwa mara ya kwanza.

Katekista wetu alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye suruali iliyopigwa pasi kwa ukali. Alipenda vitendo kuliko maelezo. Siku ya kutufundisha kitubio alichora ubaoni doa kubwa la chaki, akalijaza likawa jeupe kabisa.

"Hii ni dhambi," alisema. "Mnaiona?"

"Tunaiona."

Akachukua kitambaa chenye maji, akapangusa ubao kutoka kona hadi kona.

"Sasa iko wapi?"

"Haiko."

"Mna uhakika? Wewe, njoo uitafute." Mvulana mmoja akaenda, akatazama ubao kwa karibu, akaunusa hata, akarudi akitikisa kichwa. Tulicheka. Katekista hakucheka. "Mtu akiungama, Mungu anafuta," alisema. "Hafichi, hasogezi kando. Anafuta. Halafu anasahau. Ukimuuliza kesho, ile dhambi ya jana iko wapi, atakuuliza, dhambi gani? Inakuwa ni kama haikuwahi kuwako."

Lilinifurahisha sana somo hilo. Nilikuwa nimelamba sukari ya mandazi mara nyingi, na nilikuwa nimemfinya Wambui kwenye maandamano ya Ekaristi wakati ambapo hangeweza kupiga kelele. Kujua kwamba mambo hayo yanaweza kutoweka kabisa kulinifanya nirudi nyumbani nikiruka. Nayasema haya ili mjue kwamba kuungama kwenyewe hakukunitisha. Hofu iliingia nyumbani kwetu siku ambayo jumuiya ilikuja kusali.

Ilikuwa zamu yetu kuwakaribisha. Watu walijaa chumba kile kimoja, wengine kitandani, wengine juu ya mitungi ya maji, wakasali rozari, wakasoma Injili, wakanywa chai. Walipoondoka, Mama Wambui alibaki kumsaidia mama kuosha vikombe hapo nje mferejini. Mimi niliachwa ndani nipake polishi palipokanyagwa. Mlango ulikuwa wazi, pazia tu ndilo lililokuwa kati yetu, na Mama Wambui hakuwahi kujifunza kunong'ona.

"Mama Nekesa," alisema, "hawa watoto wanapokea karibuni. Padri amesema wazazi wapokee nao. Wewe utakaa kwa benchi siku ya mtoto wako?"

Nilisikia vikombe vikigongana kwenye karai.

"Ni huyu mtoto tu amekuzuia, si ndio? Miaka yote hii. Sasa hiyo ni kitu ya kukuweka nje namna hiyo? Watu wanaungama mambo mazito kuliko hayo. Ingia, useme, ifutwe, iishe."

"Siwezi, Mama Wambui."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kusimama hapo nimseme mtoto wangu hivyo. Wacha tu."

Nilibaki pale sakafuni na kitambaa mkononi. Kwa kweli sikuhitaji kufikiri sana, yote yalikuwa yamekwisha kufundishwa. Dhambi ya mama ilikuwa ni mimi. Dhambi ikiungamwa hufutwa. Haifichwi, haisogezwi kando. Siku ambayo mama angekwenda mbele ya padri na kunitaja, ningetoweka kama lile doa la chaki, kisha jirani angemuuliza, "Nekesa yuko wapi?" na mama angemjibu, "Nekesa gani?"

Najua mnacheka. Nami hucheka. Lakini siku ile niliogopa mpaka polishi ikanikaukia mkononi. Kufa hakukunitisha hivyo. Waliokufa nilikuwa nimewaona. Watu waliwalilia, chai ilipikwa kwa sufuria kubwa, picha yao ilitundikwa ukutani pamoja na kalenda. Kufutwa hakukuwa na chai. Nilitazama kitanda chetu nikakiona kikiwa na mtu mmoja ambaye hata hajui kwamba kuna nafasi.

Kisha nikakumbuka kwamba mama alikuwa amekataa, na hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka kabisa. Alijua. Alikuwa anajua tangu zamani, na ndiyo sababu alikubali kukaa kwenye lile benchi kila Jumapili watu wakimpita. Alikuwa ananilinda. Nilimpenda kwa namna ambayo iliniuma kifuani. Ila upendo huo ulikuja na hofu nyingine, kwa sababu katekista alikuwa ametufundisha pia kinachompata mtu anayekufa bila kutubu dhambi nzito, na somo hilo nalo alikuwa amelifanyia kitendo, kwa kiberiti na kipande cha gazeti. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili. Mama aungame, mimi nitoweke. Au mimi nibaki, na mama aungue. Nilitafuta njia ya tatu siku nyingi wala sikuipata, na hakuna mtu niliyeweza kumuuliza waziwazi.

Nilijaribu kuuliza kwa kuzunguka. "Mwalimu," nilimwambia katekista, "watu ambao Mungu amewasahau huwa wanakaa wapi?" Akaniambia Mungu hasahau watu, nikae chini. Nilimjaribu Wambui tukiwa mferejini.

"Wambui, siku moja nikipotea, utanikumbuka?"

"Unaenda wapi? Ushago, kule kwenu magharibi?"

"Hapana. Kupotea tu."

Alifikiri kidogo. "Poa, ntakukumbuka. Lakini si uniachie hiyo kamba ya kuruka?"

Nilimwachia. Ilikuwa afadhali ibaki na mtu aliyeahidi. Nyumbani niliamua kuwa mtoto mwema kupita kiasi, ili hata mama akijaribiwa aone hasara. Niliamka kabla ya kuitwa nikakoroga uji. Nilikula omena, vile visamaki vya ziwani, bila kunung'unika, na vichwa vyake. Nilisugua sakafu hata siku ambazo haikukanyagwa na mtu. Mama alinitazama siku mbili tatu, kisha akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana, mama."

"Basi mbona umenyamaza hivi?"

Nikasema si kitu. Usiku huo nililala nimeshika upindo wa leso yake, na nadhani alijua, maana hakugeuka hadi asubuhi.

Jumamosi ya kitubio ilikuwa na jua kali. Kanisa letu lilikuwa na kijumba kimoja tu cha kuungamia, na watu walikuwa wengi, kwa hivyo padri wetu alialika mapadri wa parokia nyingine, wakawekewa viti vya plastiki sehemu mbalimbali za uwanja. Mmoja alikaa karibu na tangi la maji, mwingine kwenye kivuli cha ukuta wa shule, mwingine mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Kila kiti kilikuwa na kiti kingine ubavuni pake na laini ndefu ya watu waliojifanya hawatazamani. Laini iliyozidi zote ilikuwa ya padri mzee aliyekaa kwenye kivuli cha ukuta. Habari zilikuwa zimeenea mtaani kwamba hasikii vizuri, na watu wazima wa Mbotela walikuwa tayari kuchomwa na jua mchana kutwa ili waungame kwake.

Mama alikuwa amefunga kibanda chake cha uji mapema. Nilidhani amekuja kunisindikiza tu. Tulipofika langoni alinisukuma kwa upole niende kwenye laini ya watoto, iliyokuwa ya padri wa pale tangini. Nilipogeuka nyuma nilimwona anatoa kitambaa mfukoni, anajifunga kichwani, anakwenda kusimama kwenye laini ya yule mzee.

Sikuwahi kuona kitu kinachotisha zaidi ya mgongo wa mama yangu ukisogea mbele hatua kwa hatua. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kukimbia nikamvute sketi. Lakini nilikuwa nimezibwa mbele na nyuma na watoto wenzangu, katekista amesimama pembeni na ile suruali yake, na nusu yangu ilikuwa inasema mwache, asije akaungua. Ndivyo nilivyofika kwenye kile kiti cha plastiki nikiwa nimelia tayari, na padri akadhani ni uchungu wa dhambi zangu.

Alikuwa mtu wa makamo, amevaa ndala, stola yake ya zambarau imepinda shingoni. Nilifanya ishara ya msalaba, nikasema yale tuliyofundishwa, nikamwaga sukari, nikamwaga Wambui na mfinyo wake.

"Kuna lingine?" aliuliza.

"Padri, mama yangu yuko kwa ile laini. Akiungama, mimi nitaenda wapi?"

Katekista alikuwa ametuambia kwamba padri hatakuangalia usoni. Huyu aligeuka akaniangalia.

"Utaenda wapi kivipi?"

Nikamweleza. Nilimweleza mfereji, vikombe, Mama Wambui, doa la chaki na kitambaa chenye maji. Hakucheka hata kidogo. Namheshimu mpaka leo kwa hilo, kwa sababu mimi ningeshindwa.

"Unaitwa nani?"

"Nekesa."

"Na la ubatizo?"

"Anna."

"Sasa Anna Nekesa, nisikilize. Mungu anafuta kosa. Mtu hamfuti. Mtu anamshika mkono. Kuungama kuliwekwa ili mtu aliyekuwa mbali arudi nyumbani, na akirudi hakuna mwingine anayefukuzwa ili apate nafasi. Umenielewa?"

"Hata kama mtu mwenyewe ndiye dhambi?"

"Hakuna mtu aliye dhambi. Na mtoto hajawahi kuwa dhambi ya mtu yeyote. Nani alikwambia hivyo?"

"Hakuna. Nilijua tu."

"Basi ulijua vibaya," alisema, "na kujua vibaya si dhambi ya kuungama." Akaniambia nisali Salamu Maria moja kuwa malipizi yangu, kisha nikamngojee mama pale ambapo angeniona kwa urahisi. Akaniwekea mkono kichwani, akasema maneno ya maondoleo polepole, na nikasikia jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu likinipitia juu ya nywele.

Nilimwamini nusu. Nusu nyingine ilitaka kuona. Nilikwenda nikashika bomba la tangi, nikasali Salamu Maria yangu macho wazi, nikimwangalia mama. Alikuwa ameshafika kwenye kiti. Alikaa muda mrefu, mrefu kuliko wote waliomtangulia, hata watu wa laini wakaanza kubadilisha mguu wa kusimamia. Niliona mabega yake yakitikisika. Niliona yule mzee akimwinamia, akisema neno, naye mama akainua kichwa kwa mshangao. Kisha mkono wa padri ukapanda hewani.

Nikafumba macho. Nilishika bomba kwa mikono yote miwili.

Bomba liliendelea kuwa la baridi. Nje ya ukuta, muuza mahindi aliendelea kuwaita wateja. Tumbo langu likalalamika njaa, na nikajiuliza kama mtu aliyefutwa huwa na njaa. Nikafumbua jicho moja. Vidole vilikuwa vyote, vina wino wa kalamu na kucha nilizokuwa nimezitafuna wiki nzima. Wambui alikuwa amesimama mbele yangu.

"Unafanya nini?"

"Wambui, unaniona?"

"Kwani mimi ni kipofu?"

"Nitaje jina."

"Nekesa, wacha ujinga, watu wanaomba."

Sijawahi kukaripiwa kwa utamu kama ule. Nilikaa chini pale pale kwenye maji yaliyovuja tangini, gauni langu la kanisani likalowa, na nikacheka mpaka kwikwi ikanishika. Nilikuwepo. Mama alikuwa ameungama na mimi nilikuwepo, wote wawili, siku moja, uwanja mmoja. Ile njia ya tatu niliyokuwa nimeitafuta ilikuwa imepatikana, na ilikuwa rahisi kuliko zile mbili.

Mama alikuja uso umevimba, macho mekundu, lakini anatembea wepesi. Alitazama gauni langu lililolowa, na siku nyingine yoyote ningekiona cha mtema kuni. Siku hiyo alinishika mkono tu akasema twende. Tulipofika kwenye kijia cha kando ya barabara ya Jogoo Road sikuweza kuvumilia tena.

"Mama, ulinisema?"

"Nilikusema kwa nani?"

"Kwa Padri. Si mimi ndiye dhambi yako? Nilisikia Mama Wambui akikuambia."

Mama alisimama. Watu walitukwepa huku na huku. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, na nikaona ameogopa kuliko nilivyokuwa nimeogopa mimi.

"Tangu lini unafikiria hivyo?"

"Tangu jumuiya."

Akanivuta hadi kwenye kibanda chake kilichofungwa, tukakaa kwenye ubao ambao vibarua hukaa wakinywa uji. Akaanza kunieleza, akitazama barabara.

"Si wewe ulinizuia, Nekesa. Ni mimi mwenyewe. Ukienda kuungama lazima useme unajuta. Na mimi kila nikifika hapo nilikuwa najiuliza, nitasemaje najuta, na kitu kilitoka huko ni wewe? Nikisema najuta, si ni kama nimesema sikukutaka? Hiyo siwezi kusema. Hata mbele ya Mungu siwezi. Kwa hivyo nilikuwa narudi kukaa."

"Na leo?"

"Leo nilimwambia huyo mzee hivyo hivyo. Nikamwambia, Padri, nimekuja, lakini kuna kitu siwezi kujutia, sasa sijui kama hii itafanya kazi. Akaniuliza, mama, ni nani alikwambia ujutie mtoto? Jutia makosa. Mtoto ni wa kushukuru."

"Alisikia yote?" niliuliza, maana nilizijua sifa za padri yule.

"Anasikia kila kitu," mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Watu wa Mbotela watajificha wakijua."

Makosa yenyewe, yale ya kujutia, alikuja kunieleza nikiwa mtu mzima, na si yangu kuyaandika hapa. Lakini nimefikiri mara nyingi juu ya sisi wawili, tuliolala kitanda kimoja miaka yote ile, mmoja akiamini kwamba kuungama ni kumkana mtoto, mwingine akiamini kwamba ni kumfuta. Tulikuwa tumekosea jambo moja kutoka pande mbili, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Binti yangu yuko mafundisho sasa, na aliniuliza kwa nini mtu amwambie padri mambo ambayo Mungu anayajua tayari. Nilimwambia Mungu anayajua, ni sisi ambao hatuyajui. Tunayabeba yakiwa yamefungwa pamoja na vitu vingine, kosa na upendo katika furushi moja, na hatuwezi kutupa hiki kwa kuogopa kupoteza kile. Inahitaji kulifungua mbele ya mtu anayeruhusiwa kusema, hiki acha, hiki nenda nacho nyumbani. Sijui kama alinielewa. Mama alipokea siku ya Komunyo yangu ya Kwanza, na amekuwa akipokea hadi leo, na huwa anawahi kanisani kuliko mapadri.

Ila nataka kumalizia ile Jumamosi. Tulipoinuka kwenye kibanda nilimuuliza mama alipewa malipizi gani, kwa sababu mimi nilikuwa nimepewa Salamu Maria moja na nilitarajia yake yatakuwa rozari nzima. Alisema nitaona. Tulipofika chumbani alifunga mlango, na kule kwetu hakuna mtu aliyefunga mlango mchana. Akaniambia nikae kitandani nisikilize. Kisha akapiga magoti sakafuni, yeye ambaye hata kwenye jumuiya, akiombwa aongoze sala, humwelekezea Mama Wambui, akafumba macho na kusema kwa sauti:

"Mungu wangu, asante kwa Anna Nekesa, mtoto wangu."

Basi. Akangoja. Sikujua kama inafaa kuitikia Amina kwa sala ambayo ndani yake hamna kitu kingine isipokuwa mimi, kwa hiyo nikasema lililokuwa kweli.

"Niko, mama."

"Najua," alisema, macho bado ameyafumba. "Najua uko."